Jiwe la Hereni ya Mama Mkwe

Mke wa Jicho alikohoa, na jiwe la nne likarudi kwenye sinia.

"Hapana," Jicho akasema. "Ukataji mzuri, ila rangi haijakaa."

Muuzaji alikuwa amelisifia jiwe hilo robo saa nzima.

Jicho ndilo jina alilopewa na wauza vito wote wa mtaa ule, naye alilivaa kama cheo. Wanunuzi wengine huanza na rangi. Yeye alianza na ukataji. Alililaza jiwe juu ya gazeti, na kama aliweza kusoma matangazo ya vifo kupitia katikati yake, alilirudisha: anayesoma gazeti kupitia jiwe ameuziwa kioo cha dirisha. Kisha aliligeuza kitako juu, akakagua kila upande kama umenyooka. Rangi aliiacha mwisho. Hapo alisogea dirishani, akawapa watu mgongo, akatia lenzi jichoni na kunyamaza. Hakuitaja rangi kwa jina hata siku moja. Imekaa au haijakaa, basi. Wanunuzi wachanga walimwiga.

Wala hakusema amekuja kutafuta nini. Ukimwambia muuzaji unachotaka, bei hupanda kabla hujavuta kiti. "Nionyeshe ulichonacho," ndiyo iliyokuwa salamu yake.

Siku hiyo shida ilikuwa ya nyumbani. Mama mkwe alikuwa amedondosha bafuni jiwe la hereni, moja kati ya yale mawili ya kijani aliyopewa na marehemu mumewe, na bomba likalimeza. Kwa miaka kumi na tisa mama huyo hakuwahi kumwita mkwewe kwa jina wala kwa heshima, alimwita "huyo". Sasa alikuwa ametamka mbele ya mashahidi kwamba huyo akimletea jiwe la kulingana na lililobaki, ataanza kumwita mwanangu. Jicho hakupata usingizi tangu Jumatatu. Hereni yenyewe alikatazwa kutoka nayo, kwa hiyo alipima tundu lake kwa kipande cha karatasi. Rangi, alisema, imo kichwani.

Kama kawaida alikwenda na mkewe, na mkewe akaenda na kifua chake.

Jiwe la tano, kikohozi. La sita, kikohozi. La saba lilisomeka gazeti zima, Jicho akalikataa bila kusogea dirishani.

Muuzaji alikuwa mtu wa kuamini mikosi. Akamwinamia dada yake aliyekuwa akikusanya vikombe. "Umemsikia yule mama?" akanong'ona. "Kila akikohoa, biashara yangu inakufa. Mtoe humu kwa heshima."

Jicho alikuwa amekwisha kwenda dirishani kufuta lenzi yake. Nyuma yake, dada wa muuzaji alimshika mgeni mkono.

"Kifua hicho si cha kuchezea, dada yangu. Njoo jikoni nikuchemshie maji ujifukize."

"Mimi mzima," mke wa Jicho akanong'ona, akijivuta.

"Mzima gani huyu?"

Wanawake wawili wenye adabu wakivutana, mwenye mikono minene ndiye anayeshinda. Mlango wa jikoni ukafungwa taratibu, mtaalamu asisumbuliwe.

Muuzaji akatoa jiwe la nane kwenye mfuko wa shati, akampa Jicho kwa juu ya bega. Jicho akalipima kwa karatasi yake: sawasawa. Akalilaza juu ya gazeti: hakuna herufi iliyopenya, mwanga wote ulirudi juu. Kitako kilikuwa katikati, pande zilikutana bila kupishana. Akatia lenzi, akalielekeza jiwe kwenye mwanga, akasubiri.

Kimya.

Akahesabu polepole mpaka ishirini, maana jambo lenyewe lilikuwa kubwa. Kimya.

"Rangi imekaa," akasema.

"Nilijua hili huliachi," muuzaji akasema.

Walivutana kidogo juu ya bei, wakaelewana. Jicho alipogeuka, benchi alilokaa mkewe lilikuwa tupu.

"Mama yuko jikoni na dada yangu," muuzaji akamwambia. "Wameshaanza maongezi."

"Mwambie anikute kwa mama yake," Jicho akasema, tayari yuko mlangoni.

Mama mkwe alipoiona karatasi iliyokunjwa yenye jiwe ndani, alimvutia kiti, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. "Karibu, mwanangu," akasema. Jicho, mtu mzima na ndevu zake, alitaka kulia.

"Lilinganishe mwenyewe, mama," akasema. "Hutaona tofauti."

Mama akalitia jiwe kwenye tundu la hereni. Likaingia kama lililozaliwa humo. Akaziinua hereni zote mbili penye mwanga, kisha akaivuta ile chai akairudisha upande wake wa meza.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mke wa Jicho akaingia akihema, taulo la kujifukizia bado liko mabegani.

"Mwanangu," mama akamwambia binti yake, "hebu niulizie huyo. La marehemu ni kijani. Hili jekundu amelitoa wapi?"

Jicho akamgeukia mkewe.

"Mbona hukukohoa?"