Parcelle Haiuzishwe

Haki ya Mungu, naapa kwa mvi zangu zote, hata zile zilizokwisha kudondoka: haya yalitokea mtaani Bel-Air, na asiyeamini aende akawaulize majirani.

Asubuhi hiyo Ramla alimkuta mwanamume asiyemjua ndani ya ua wake, anapima kwa hatua kutoka kisimani mpaka ukuta wa choo.

"Papa, unatafuta nini?"

"Usisumbuke, mama. Napima tu fasi ya kuweka garaji yangu."

Maskini, alikuwa ameuziwa nyumba hiyo na commissionnaire, dalali wa viwanja, na simu ya dalali huyo ilikuwa imezimwa tangu jana yake. Aliondoka analia kama mtoto aliyenyang'anywa muwa.

Ramla akakaa kizingitini. Nyumba ile ndiyo kitu pekee ambacho marehemu mama yake, Mariam, alimwachia. Ndimo alimolala na wanawe, ndimo alimofanyia kazi yake ya kuandika matangazo ya mtandaoni: ya saluni, ya maduka ya vipuri, yale ambayo mwenye biashara hukatwa pesa kidogo kila mtu anapobonyeza.

Mjomba wake Hassani, kaka wa marehemu, alifika kabla chai haijapoa. Tangu matanga yeye ndiye aliyekuwa nguzo yao. Hata karatasi za nyumba alikuwa amezichukua akazifungia kwake, wezi wasizipate.

"Mujomba, tuandike kwa ukuta," alisema Ramla. "Sawa vile bantu bote banaandikaka: parcelle haiuzishwe." Yaani, kiwanja na nyumba yake haviuzwi.

"Ukuta unasomwa na mwenye kupita. Mwizi wa leo anauzishia bantu mu telefone." Hassani akapuliza chai yake. "Weye si unaandikiaka bantu ba saluni? Andikia na nyumba ya mama yako."

Basi akaandika. Kwanza aliweka maneno mawili tu, PARCELLE HAIUZISHWE, akalala. Hakubonyeza mtu. Tangazo linalojisemea peke yake ni kama kichaa wa sokoni, watu humpisha apite. Na Ramla aliijua kazi yake: tangazo limkute mtu pale pale kwenye hofu yake, tena limwite kwa maneno yake mwenyewe. Akafuta, akaanza upya.

*Unatafuta parcelle Bel-Air? Hii haiuzishwe. Mwenye kukuonyesha hii nyumba anakuiba. Mbele ya kutoa hata franc moja, pigia familia.*

Hassani alisoma, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena.

"Iko muzuri. Lakini toa 'familia'. Kila familia iko na mwizi wake. Weka 'mwenye nyumba'."

Ramla akacheka. Kumbe mzee huyu angekuwa fundi wa matangazo! Akabadilisha.

"Na namba, weka yangu. Bakisikia sauti ya mwanamuke, batakutisha."

Akaweka namba ya mjomba, akaongeza na picha ya lango la buluu.

Hapo tangazo likashika moto. Simu ya Hassani ililia mpaka kuku wa jirani wakasahau kutaga. Kila jioni alikuja kunywa chai kwa Ramla, na simu ikilia aliipokea kwa sauti ya kusikika mbinguni: "Haiuzishwe! Hata ulete shaba yote ya Kambove!" Mpigaji akiendelea kubembeleza, mzee alitoka barabarani kutafuta rezo, mtandao wa simu, kisha akarudi anajifuta jasho.

"Banasumbua, mutoto yangu. Lakini mupaka nikufe."

Ramla alikatwa pesa kwa kila aliyebonyeza, wala hakujali. Aliacha kununua nyama ili aongeze bajeti ya tangazo. Wanawe walikula sombe, majani ya muhogo, mpaka wakakaribia kuota majani masikioni. Lakini wapima hatua hawakuonekana tena uani, na moyo wake ukatulia. Miaka yote kalamu yake ilikuwa inauza tu vitu vya watu. Safari hii ilikuwa inalinda.

Siku moja Hassani akaaga. Anakwenda Mitwaba kununua mahindi, alisema, na kule rezo ni ya shida, kwa hiyo Ramla akimkosa kwenye simu asihangaike. Akawabusu watoto, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata lori likasimama langoni. Lilibeba magodoro, friji, masufuria na mbuzi mmoja mwenye dharau. Akateremka mama mmoja mnene, mwenye uso wa upole, akajitambulisha: Madeleine, mfanyabiashara kutoka Kambove.

Ramla hakushtuka. Alimhurumia.

"Pole sana, mama. Na weye bamekuiba? Hii nyumba haiuzishwe. Hamukuona tangazo yangu?"

"Njo weye uliandika? Asante sana, mutoto yangu!" Madeleine akatoa simu, akabonyeza tangazo ili amwonyeshe, na hapo hapo Ramla akakatwa tena. "Bacommissionnaire balituzungusha Bel-Air yote. Bezi batupu, kila mumoja na haraka yake: 'Lipa leo, lipa leo!' Njo nikasoma hii. Nikaambia bwana yangu: mwenye kukatala kuuzisha, ule njo mwenye nyumba ya kweli. Tukamupigia Papa Hassani, tukamubembeleza, tukamubembeleza, mupaka akalegea."

Akachomoa ufunguo mkobani, akaufungua ubawa wa pili wa lango ili lori liingie.

"Aliomba kitu kimoja tu, ule muzee wa huruma: tusifukuze mupangaji wake na makelele," alisema, akimtazama Ramla kwa upole. "Mupangaji njo weye?"