Toleo la Alhamisi

Kazi ya Tunu ni kuwatafutia waandishi wa programu orodha za mabadiliko: programu fulani imeongezwa nini, imeondolewa nini. Hajawahi kushindwa kuipata hata moja.

Alhamisi asubuhi, kama wazee wote, mama yake alipokea toleo jipya la programu ya kifaa cha kumbukumbu kilichopachikwa kichwani mwake. Hakuna anayeulizwa kama analitaka.

"Tunu, njoo unywe chai!" mama aliita kutoka jikoni.

Tunu akaganda. Alirithi jina la bibi yake mzaa mama, kwa hiyo tangu azaliwe mama yake humwita "mama", kama wafanyavyo wote waliowapa watoto majina ya mama zao.

"Mbona leo unaniita Tunu?"

"Sasa nikuiteje? Si ndilo jina lako?"

Tunu akafungua kompyuta. Orodha aliipata kwa dakika mbili tu. Mstari wa tisa ulisema: "Tumerekebisha hitilafu iliyomfanya mtumiaji amwite mtoto wake mama."

Akatafuta namna ya kurudisha toleo la zamani. Lilikuwa limefutwa.

Chai ilikuwa na tangawizi ileile. Mama akamtazama kwa upole.

"Jina lako zuri, mwanangu. Hivi tulikupa la nani?"