Makao ya Wazee Mlimani

Zamani hizo, wanyama walipokuwa na vikao kama sisi, wazee walizidi kuwa wengi bondeni. Twiga akapewa kazi ya kupanga makao yao, akachagua kilele cha mlima. "Wazee wanataka utulivu," akasema.

Bi Chiriku, kikongwe asiyepata usingizi bila umbea, akajiuliza: Huko juu nani atampelekea habari? Lakini akatabasamu.

"Umechagua vyema, mjukuu wangu. Tangulia basi ukakae siku chache, ututafutie penye utulivu zaidi."

Twiga akaenda. Wenzake walikuwa na shughuli zao. Hakupita hata panzi. Bi Chiriku alipomfuata, akipumzika kila mti, alimkuta ameinamia kichuguu akikiuliza, "Wa nyumbani hawajambo?"

"Kimekujibu?"

Twiga akaona haya. "Bibi, huku hata ugomvi hakuna!"

Makao yakajengwa kisimani, wanapopita wote. Siku hizi ukitaka kujua nani kamkimbia mumewe, nenda kwa wazee. Ila jipenyeze, maana Twiga kaziba mlango kwa shingo yake, anasikiliza.