Saa ya Prosesa

Siku aliyokuja kuaga, Mwanaidi alikuta darasa limegeuzwa kompyuta. Umeme ulikuwa umekatika, basi Mwalimu Sembuli akawapanga wanafunzi wenyewe: huyu kumbukumbu, yule wa kujumlisha, wengine wabebe namba kwenye vikaratasi.

"Mwalimu, naacha chuo," Mwanaidi alisema mlangoni. "Nikiulizwa swali, darasa zima linanisubiri. Nimechoka kusubiriwa."

Mwalimu akampa dasta ya mbao. "Kabla hujaenda, tusaidie. Wewe ndiye saa ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Ukigonga meza, kila mtu anafanya hatua moja. Usipogonga, hakuna anayesogea."

Mwanaidi aligonga mbiombio, asije akaonekana mzito. Wabebaji wakagongana, na wa kujumlisha akajumlisha namba ya zamani kabla mpya haijamfikia. Jibu likatoka ovyo.

"Saa imekimbia kuliko mashine," Mwalimu alisema. "Gonga kwa mwendo wako."

Akagonga. Akangoja karatasi ya mwisho ifike, ndipo akagonga tena. Safari hii jibu lilikuwa sahihi.

"Mwalimu, tupe hesabu nyingine, ngumu zaidi," wa kujumlisha aliomba.

Mwanaidi akatua mkoba wake, akainua dasta. Darasa zima likatulia, likimsubiri.