Umri wa Salha

Katika darasa la kompyuta la wafanyabiashara, Mwalimu Kyalo aliwafundisha wanafunzi wake fomula ya kukokotoa umri wa wafanyakazi, kisha akawaambia wafanye zoezi kwa majina ya watu wa nyumbani kwao. Bi Rukia, mwenye duka la unga, aliandika tarehe ya kuzaliwa ya binti yake Salha, aliyemzika akiwa na miaka miwili. Akabonyeza. Kompyuta ikaandika tisa.

"Umepatia, mama," mwalimu alisema. "Yuko darasa la ngapi?"

Bi Rukia aliigusa ile tisa kwenye skrini kwa ncha ya kidole. Kisha akauliza, "Na mwakani itaandika kumi?"

"Itajiongeza yenyewe."

Wenzake walipoondoka, yeye alikuwa bado amekaa, kiganja amekiinua kando ya kiti, akikisia kimo cha msichana wa miaka tisa.