Silsila ya Gari la Athman

Mgeni alikuwa amelala chali chini ya gari, miguu miwili tu ikionekana, imenyooka na kutulia. Bi Mwanamkisi, aliyekuwa akitoka na sinia ya kahawa, alisita. Alidhani ameona maiti anayengoja kuoshwa. Kisha miguu ikacheza, na Mahir, dalali wa magari ya kale, akajitokeza na tochi yake mkononi.

"Namba ya fremu na namba ya injini zinalingana," alisema. "Hilo ni nadra sana, Mwalimu Hamdun."

Hamdun hakutabasamu. Aliizunguka pikapu na kitambaa, akifuta bati lisilokuwa na vumbi. Ilikuwa Chevrolet ya mwaka 1970, nyekundu ya damu iliyokauka, silinda nane, injini ya mbio katika umbo la kubebea mizigo. Mwenye hoteli mmoja aliileta Manda kwa meli. Alipoondoka, ikageuzwa ya kuchukulia mawe ya kujengea, kutoka machimboni hadi gatini. Kisha ikaachwa, ikaliwa na chumvi. Hamdun aliifufua kwa miaka ishirini, kipande kwa kipande.

Mwanamkisi alijitanda leso mbele ya mgeni, akatua sinia, akarudi nyuma ya pazia la mlango. Huko alisoma kimoyomoyo kila dua aliyoihifadhi. Binti yake wa pekee na Hamdun, Amal, alikuwa aolewe mfungo mosi, na binti wa watu wa Amu haolewi bila wazazi wake kumpa nyumba. Nyumba yenyewe kuta zake zilikuwa zimefika kiunoni. Milioni tisa za pikapu hii ndizo dari na milango. Nusu yake isingefika popote. Na jamaa za bwana arusi walikwisha anza kuulizia ujenzi, kwa upole ule unaochoma.

"Limebaki jambo moja," alisema Mahir. "Bati na rangi ni nusu ya thamani. Nusu nyingine ni historia, nani alimkabidhi nani. Kadi ya gari ina jina la Athman Shukri. Huyu ni nani?"

Kunguru alitua juu ya bati la banda, kucha zake zikasikika.

"Mume wa kwanza wa mke wangu," alijibu Hamdun. "Alitoka Mkokoni na mashua mwaka 1998, hakuonekana tena. Kadhi alingoja miaka minne, akahukumu kuwa ameshakufa. Bibi akakaa eda. Mwaka 2003 nikamwoa, na gari akaja nalo."

"Mungu amrehemu. Lakini wanunuzi wangu hukumu haiwatoshi, Mwalimu. Wanataka sahihi ya mkono wake. Hapa mlolongo umekatika. Nikijitahidi sana, milioni nne."

Nyuma ya pazia Mwanamkisi alifumba macho. Aliziona kuta zile za kiunoni, mbuzi wakipanda juu yake.

"Umekatika?" Hamdun alicheka kicheko kikavu. "Kijana, leo waja kunifunza mimi isnadi, silsila ya wapokezi wa hadithi? Wenzako walikula bakora zangu chuoni kwa kusahau mpokezi mmoja. Mpokezi sharti awe amekutana na aliyempokea, uso kwa uso. Ndia yangu ya upokezi haijapata kukatika."

Mwanamkisi alishangaa. Kiburi hicho hakukisikia kwa mumewe tangu mwaka aliozaliwa Amal. Wakati wa uzazi ule Hamdun alikuwa Mombasa akitafuta kabureta. Alirudi siku ya akika, mtoto akitimiza siku saba, uso umemparama, na kwa siku nyingi hakumpakata mtoto. Tangu hapo hakukubali tena kusalisha watu. Kila akisukumwa mbele kwenye mihirabu alirejea safu ya nyuma kabisa, na mji mzima ukamsifu kwa unyenyekevu wake.

Hamdun aliingia ndani kwa mlango wa nyuma, na kifuniko cha sanduku kikalia chumbani. Alitoka kwa mlango ule ule na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alilitupia pazia jicho, kisha akashusha sauti.

"Itazame, unirudishie."

Mahir aliikunjua juu ya boneti. "Hati ya mauzo," alisema taratibu. "Na sahihi ya Athman mwenyewe. Umekaa nayo muda wote huu, na kadi hukuibadilisha?"

"Yakutosha au haikutoshi?"

"Ikiwa ni yake kweli, ni milioni tisa, na leo hii. Ila nataka mtu anayeujua mkono wake." Na kabla Hamdun hajanyosha wake kuichukua karatasi, Mahir aliita kwa furaha: "Bi Mwanamkisi, wewe ndiwe uliyekuwa mkewe. Hebu tusaidie."

"Hakuna haja ya kumsumbua," alisema Hamdun. Kitambaa kilimwanguka.

Lakini Mwanamkisi alikwisha toka, mwepesi kama msichana. Aliishika karatasi kwa mikono miwili. Sahihi ilikuwa kwa herufi za Kiarabu, na mkia wa nuni, herufi ya mwisho ya Athman, umepindwa kama ndoana. Aliijua tangu barua za uchumba.

"Ni yake," alisema. "Wallahi, ni yake."

Mahir alitoa simu, akaanza kutafuta namba ya mnunuzi. Mwanamkisi aliona dari ikipanda, aliona milango ikitiwa bawaba. Akaiinamia tena karatasi, kuitazama mara ya mwisho kabla haijaondoka.

Chini ya sahihi paliandikwa, kwa mkono ule ule: *Mombasa, 3 Machi 2005*. Wiki ile ile aliyozaliwa Amal.

Aliitua karatasi juu ya sinia, pole pole, isiguse kahawa. Kisha akamgeukia Hamdun, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akavuta leso, akajifunika uso mbele yake, kama mbele ya mgeni.