Mpishe, Mpite

"Mwambie ampishe," bosi alisema, na mimi ndiye niliyeshika redio.

Ulikuwa mzunguko wa mwisho. Dada yangu alikuwa wa pili, pua ya gari lake ikikaribia kulibusu gari linaloongoza. Nyuma yake alikuja dereva mwenzake wa timu, tunayemwita Bango kwa sababu uso wake umetapakaa kwenye mabango ya wafadhili. Bosi alitaka nafasi ile iwe ya Bango. Dada alikuwa amepisha watu misimu sita, na ushindi hakuwahi kuuonja.

Nilitazama bampa lake. Asubuhi tulilibandika kwa utepe, na sasa upande mmoja ulikuwa umebanduka, unapigapiga lami na kutoa cheche. Hakupunguza mwendo hata kidogo.

"Unangoja nini, bwana mdogo? Neno moja tu, hata kasuku analiweza."

Nikabonyeza kitufe.

"Dada, maagizo ya bosi," nikasema. "Mpite."

Bosi akanigeukia polepole, kama mtu anayehakikisha kwamba masikio yake yamesikia sawa.

"Rudia, mdogo wangu," sauti ya dada ikaja, na nilisikia wazi kwamba anacheka. "Nimpishe wa nyuma, au nimpite wa mbele?"

"Lete redio hapa," bosi akasema, mkono ameunyoosha.

"Mpite wa mbele, Dada."

Kisha nikamkabidhi bosi redio yake kwa heshima zote, kwa mikono miwili: redio mkono wa kulia, betri mkono wa kushoto.